Mzee Senkondo na Tairi Lililozibwa

Mtu mmoja alikuwa na vidole vilivyoaminiwa na mlima mzima. Jina lake Senkondo, na kazi aliyopewa na ukoo wake huko milimani Upare ilikuwa kukagua mbuzi wa mahari. Kwao mbuzi wa mahari hakupokelewa akiwa na kovu. Aliyewahi kung'atwa na mbwa, aliyekatwa na waya, aliyechomwa na mwiba akatunga usaha, wote walirudishwa zizini walikotoka, hata wawe wanene namna gani. Senkondo alipiga goti, akafumba macho, akapitisha vidole chini ya manyoya kuanzia shingoni hadi mkiani, na kovu hata likiwa dogo kama punje ya mtama alilipata. Mwenye mbuzi hakuulizwa neno. Desturi ilisema kinywa cha mwenye mali kina haja zake, basi kinyamaze, vidole viseme.

Mzee huyu alikuwa amefiwa na mke, na mtoto aliyebaki naye nyumbani alikuwa mmoja tu, Nakijwa, mwalimu wa shule ya msingi iliyoko bondeni. Kila asubuhi binti alishuka kwa miguu mwendo wa saa mbili, na kila jioni akaupanda mlima ule ule mwendo wa saa tatu, kwa sababu macho ya baba yake yalikuwa yameingia ukungu na hapakuwa na mwingine wa kumpikia. Mwishowe magoti ya Nakijwa yakaanza kuvimba. Mwalimu mkuu akamwambia kipo chumba kitupu karibu na shule, ahamie. Senkondo aliposikia habari ya chumba hicho hakula siku mbili. Alimpenda binti yake, na alimwogopea, na mapenzi yaliyochanganyika na hofu humfanya mtu atafute kitu kisicho na ila hata kidogo.

Akauza ndama wake, akasema atamnunulia Nakijwa baiskeli ya mlimani, yenye gia za kupandia na matairi mapana, aina ile isiyo na mpira wa ndani, ambayo upepo hukaa kwenye tairi lenyewe.

Siku ya soko walizikuta mbili, zote za mtumba. Ya kwanza ilikuwa ya Kalebi, fundi baiskeli. Lazima niwaambie huyu Kalebi alikuwa nani. Zamani alikuwa mlevi wa kupindukia, mtu aliyeng'oa bati la jiko la mama yake akalinywea dengelua, ile pombe ya miwa. Kisha akaacha. Miaka minane ilikuwa imepita na hakuna aliyemwona tena na kata ya pombe mkononi. Aliwahi kutuma washenga kwa Senkondo kumposa Nakijwa, na Senkondo aliwapa washenga chakula, akawapa na maneno mazuri, akawarudisha. Nakijwa alilia siku ile, na jambo hilo halikuzungumzwa tena. Kalebi hakuweka kinyongo. Aliendelea kumwamkia mzee njiani kama kawaida.

Senkondo akapiga goti mbele ya baiskeli ya Kalebi kama apigavyo mbele ya mbuzi. Akafumba macho, akapapasa. Kwenye tairi la nyuma vidole vikasimama. Palikuwa na tundu, na ndani ya tundu kimeshindiliwa kipande cha mpira, chembamba kama utambi wa taa, kikakatwa sawasawa na uso wa tairi. Akasogea, akapata la pili. Kwenye tairi la mbele akapata la tatu.

Kalebi hakuulizwa, lakini alisema.

"Mzee, hayo matatu nayajua yote. Niliyaziba kwa mkono wangu, na nimeyashukia mlima huu miaka miwili. Yako hapa katikati, tairi linapokanyaga. Yangekuwa ubavuni nisingekuuzia, ningelitupa hilo tairi."

Senkondo akapangusa mikono.

"Kovu ni kovu, kijana."

Akaiendea ya pili. Hiyo ilikuwa ya mchuuzi mmoja aliyeileta kutoka mjini. Ilikuwa imetundikwa ukutani kwenye stoo ya nyumba iliyohamwa, miaka kumi na zaidi, haijapandwa na mtu. Mchuuzi hakulisema hilo, na tusimlaumu kupita kiasi, maana alizijua desturi za mlimani na hakuna aliyemwuliza. Alichofanya ni kuyapaka mafuta ya nazi matairi yote mawili hadi yakang'aa. Vidole vya Senkondo vikazunguka tairi la mbele, vikazunguka la nyuma, vikateleza tu. Hapakuwa na tundu, wala alama ya mwiba. Mzee akatabasamu, akasema kizuri chajiuza.

Kalebi alikuwa amewafuata. Akasimama kando, kofia mkononi.

"Hili silijui, mzee," akasema. "Niache nilitazame ubavu wake, kisha mwende zenu."

Senkondo alidhani ni wivu wa muuzaji aliyekosa mnunuzi. Pengine alidhani ni wivu wa namna nyingine pia. Akamwambia hapana haja. Nakijwa akamshika baba yake mkono na kusema taratibu, "Atakayeipanda ni mimi, baba, na mimi naiona ile ya Kalebi inafaa."

"Mwanangu hapandi kitu kilichozibwa," akajibu Senkondo, na watu waliosimama pale wakaitikia kwa vichwa, kwa kuwa waliona ni neno la baba anayejua thamani ya mtoto wake. Nakijwa akainama, akaipokea baiskeli aliyochaguliwa. Tumezoea kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia hatukumtungia methali, nafikiri kwa sababu methali hutungwa na wakuu.

Majuma matatu nyumba ile ilikuwa na furaha. Nakijwa alirudi jua likiwa bado juu ya migomba. Alipata nafasi ya kupika makande yakaiva vizuri, na kumsimulia baba yake vituko vya darasani, na Senkondo alicheka mpaka akakohoa. Kwa majirani alijisifu kidogo. Aliwaambia chumba cha bondeni sasa watakaa panya.

Juma la nne, asubuhi moja yenye manyunyu, Nakijwa alikuwa anashuka kwenye kona ya mawe chini ya kanisa. Tairi la mbele likapasuka ubavuni, likachanika kama kitambaa kilichooza. Upepo ukatoka wote mara moja, tairi likachomoka kwenye rimu, baiskeli ikamtupa kwenye mawe yaliyo chini ya barabara. Waliokuwa wanapalilia maharage walisikia kishindo wakakimbia. Mmoja akamwita Kalebi, kwa kuwa duka lake ndilo lililokuwa karibu. Kalebi alimbeba mgongoni kuelekea zahanati, akikimbia kwenye tope na kumwita kwa jina. Hawakufika. Nakijwa alikata roho njiani, na Kalebi hakusimama wala hakumshusha. Aligeuka tu, akaupanda mlima naye mgongoni, akampeleka kwa baba yake.

Sitaki kueleza kilio cha Senkondo. Waliokisikia wanasema walitamani kuwa viziwi.

Matanga yalipokwisha, waombolezaji wakaondoka, na mzee akaomba aletewe ile baiskeli. Akaketi nayo uani. Akapiga goti kama desturi, akafumba macho yale ambayo yalikuwa karibu hayaoni tena, akapapasa tairi la mbele. Safari hii vidole havikwenda kifuani mwa tairi kutafuta matundu. Vilikwenda ubavuni. Mafuta yalikuwa yamekwisha kukauka, na chini yake mpira wote ulikuwa na nyufa, nyembamba, maelfu, kama tope la bwawa lililokaukiwa na maji. Alipoukunja ulimeguka mkononi. Akahamia tairi la nyuma, akalikuta vivyo hivyo. Alikaa na vile vipande kiganjani mpaka jirani akaja kumwingiza ndani kwa sababu mvua ilikuwa imeanza, naye hakuwa na habari.

Baiskeli ya Kalebi ilinunuliwa na mama mmoja auzaye maziwa. Alipita nayo mbele ya nyumba ya Senkondo kila asubuhi, akishuka na madumu yake mawili, na mzee aliujua mlio wa mnyororo wake kuliko alivyoujua mlio wa jogoo. Siku moja alitoka akamsimamisha, akamwuliza kama yale matundu matatu bado yameshika.

"Yameshika, baba," akasema yule mama. "Sasa ni matano. Kalebi ameniziba mengine mawili."

Mzee akamshukuru, akamwachia njia. Akabaki amesimama kwenye mlango hadi mlio ule ulipopotea bondeni, na uso wake ulikuwa umelowa, wala hakujificha.

Mwaka ulipogeuka, wazee wa ukoo walimwita tena, kwa maana mahari ilikuwa imeletwa na hakuna vidole vingine walivyoviamini. Alikwenda akiongozwa kwa fimbo. Wakamsogezea beberu mmoja mweusi. Senkondo akapiga goti, akapitisha mkono, na watu wote wakauona mkono ukisimama kwenye paja la mnyama. Palikuwa na kovu refu, pana kama kidole gumba. Wazee wakaanza kumfungua beberu kamba wamrudishe. Hawakuhitaji kuambiwa.

Lakini Senkondo hakuondoa mkono. Akamgeukia kijana aliyemleta beberu na kufanya jambo ambalo hakuna mkaguzi wa mahari aliyewahi kulifanya mbele yao. Alimwuliza.

"Alipatwa na nini?"

Kijana akasema kwamba chui aliingia zizini, akaua mbuzi sita, na huyu ndiye aliyevunja boma akatoka na kundi lililobaki. Senkondo akakishika kichwa cha mnyama kwa mikono yote miwili, akakiegemeza kifuani pake, akalia. Kila mtu alijua anamlilia nani, na upande wa nyuma, kati ya waliomsindikiza kijana kuleta mahari, Kalebi alivua kofia yake akatazama chini. Wazee wakakubali beberu apokelewe. Hilo halikumrudisha Nakijwa.

Nanyi mnaonisikiliza, mnaokaa vikao vya posa, na vikao vya kuajiri, na vikao vya kumrudisha ndugu kundini au kumfungia nje: mmezoea kumkataa mtu mkipapasa mahali alipozibwa. Je, huyu mwingine mliyemkumbatia kwa kuwa hana kovu, mmemwuliza amepita njia gani?