Jina Halikohoi

“Jina halikohoi, muulize mwenye kifua.” Mmeisikia leo, wajukuu zangu, mkacheka. Methali hii ilianza hivi, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Sikudhani, binti Shemdoe, alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta. Zahanati moja ya milimani ilimwomba aiandikie programu ya kutunza habari za wagonjwa. Ndani yake, mgonjwa alikuwa kitu kizima: namba yake, umri wake, dawa zinazomdhuru. Jina lilikuwa herufi tu. Lakini Sikudhani, kwa kupenda wepesi, aliifundisha programu kwamba ikipewa herufi mahali pa mgonjwa isigombe. Yenyewe izigeuze kuwa mgonjwa mpya, kimyakimya. Kitendawili hicho: kanzu imesimama, ndani hamna mtu.

Siku ya kwanza alikaa kando ya muuguzi, Mama Hiza, atazame. Akaingia bibi mmoja akikohoa hata akashika ukuta. Mama Hiza akaandika jina lake, Mwanahawa Kaniki, pale palipotakiwa namba. Programu haikunung'unika. Kioo cha kompyuta kikaonyesha: dawa zinazomdhuru, hakuna.

Mama Hiza akavuta penisilini kwenye bomba la sindano.

Sikudhani akazikumbuka kadi za zamani za wagonjwa. Alizinakili kwenye programu kwa mkono wake, na moja ilikuwa na onyo la penisilini kwa wino mwekundu. Ya nani? Hakumbuki. Akisema, kazi yake itaaibika mbele ya watu. Akinyamaza, na kama ni huyu? Pamba ya spiriti ilikuwa imekwisha gusa ngozi.

“Mama, ngoja kidogo.”

“Ningoje nini, mwanangu? Mashine yako imesema hakuna.”

“Haijasema hakuna. Haimjui. Imemshona mtu mpya kwa jina tu. Mimi ndiye niliyeifundisha.”

Mama Hiza akaitua sindano polepole. “Na ulikuwa umekaa hapo unanitazama.”

Bibi akageuza shingo. “Mnabishana na kioo, na mie nipo? Jina halikohoi. Muulizeni mwenye kifua. Sindano hiyo mwaka juzi ilinifunga koo, nikasomewa Yasini.”

Saa ile ile Sikudhani akaifuta ile mistari ya programu. Tangu hapo programu ikipewa jina tupu husimama na kuuliza: ni yupi?

“Mashine yako ina maswali kama mama mkwe,” Mama Hiza hulalamika.

Naye Sikudhani humjibu, “Jina halikohoi, mama. Muulize mwenye kifua.”