Naibu Nguchiro na Baragumu la Amri

Hapo zamani za kale, na asiniulize mtu mwaka gani, wanyama walikuwa na nyumba, vyungu na serikali. Nyie mnaodhani serikali ilibuniwa na binadamu, kaeni vizuri msikilize.

Simba alikuwa mfalme. Chini yake alikuwapo Chui, Mkuu wa Askari wa pori zima. Na chini ya Chui alikuwapo Naibu, ambaye kazi yake ilikuwa kupuliza baragumu, pembe aliyoiacha marehemu mzee Nyati. Desturi ilikuwa hivi: Mkuu hunong'ona amri, Naibu hupanda jukwaani, hupuliza, wanyama hukusanyika, naye huitangaza. Sheria ilisema mpulizaji ndiye mwenye amri. Amri ikileta heri, sifa zilikwenda kwa Mkuu hata hivyo. Ikileta balaa, pori zima lilikuwa shahidi wa nani aliyepuliza.

Naibu wa kwanza alikuwa Nyumbu. Alifukuzwa kwa mawe, na mpaka leo anakimbia bila kujua aendako. Wa pili alikuwa Ngiri. Nyumba yake ilibomolewa, na mpaka leo analala shimoni na wanawe.

Wa tatu alikuwa Nguchiro, yule mdogo mwembamba mwenye macho yasiyotulia. Alipoitwa alifurahi sana. Akarudi nyumbani amevaa mkanda mwekundu wa cheo, uliomzunguka kiuno mara mbili. Mkewe alikuwa jikoni anasonga ugali.

"Mama Tunu, nitazame," alisema.

"Nimekutazama, Baba Tunu. Huo mkanda si ndio aliovuliwa Ngiri?"

"Ngiri alikuwa mzito wa akili."

"Haya. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji," mkewe akasema, akaendelea kusonga.

Siku hazikupita nyingi, Chui akamwita ofisini. Alikuwa amejilaza kitini, analamba makucha.

"Naibu, kapulize. Pimbi wote wahame Mawe Mapana kabla ya jua kuzama. Askari nimeshawatanguliza na marungu."

"Kwa kosa gani, afande?"

"Kosa watalijua wakishatoka."

Nguchiro akakikumbuka kiapo. Mwaka wa ukame, Pimbi ndio waliomwonyesha Simba maji katika nyufa za mawe yale, na Simba akaapa mbele ya wanyama wote kwamba Mawe Mapana ni yao, wao na vizazi vyao. Aliyevunja kiapo cha mfalme alichunwa, ngozi yake ikatundikwa langoni.

"Mfalme ana habari, afande?"

"Wewe puliza."

Akipuliza, atachunwa. Akikataa, Chui yuko palepale na meno yake. Nguchiro akamfikiria Tunu, akaona ngozi ya baba yake ikikauka langoni.

"Sawa, afande. Niruhusu kwanza niifute pembe vumbi."

Akaenda nyuma ya ofisi, kwenye mzinga wa nyuki. Akamega nta, akaishindilia ndani ya baragumu kwa kijiti, ndi ndi ndi. Kisha akapanda jukwaani, Chui akimtazama kutoka barazani.

Fyuuu. Akapuliza tena, mashavu yakamvimba. Fyuuu. Fisi aliyekuwa akipita akasimama, akaanza kucheka.

"Vipi tena?" Chui akafoka.

"Imeziba, afande. Naomba nikamwite Tembo aje kuizibua."

"Tembo aingie kwenye mambo ya askari?"

"Tutafanyaje, afande? Ndiye mwenye kifua. Mimi na wewe hatuwezi."

Mimi na wewe! Chui akapanda jukwaani kwa mruko mmoja.

"Lete hapa. Nakuzibulia tu, kisha utapuliza mwenyewe."

Akavuta pumzi mpaka mbavu zikatanuka, akapuliza. Paa! Donge la nta likachomoka, likampata Fisi puani, kicheko kikakatika. Na nyuma yake sauti ikafuata: Vuuuuuuu! Ikavuka mto, ikapanda kilima, ikarudi.

Wanyama wakaja mbio. Simba naye akaja, manyoya bado hayajachanwa.

"Nani amepuliza?"

Nguchiro akapiga saluti. "Mkuu mwenyewe, Mtukufu. Fisi ni shahidi."

"Ndiye," Fisi akasema, akibandua nta puani.

Chui akatafuta amri nyingine ya kutangaza. Lakini hapo hapo mama Pimbi akatokea na chungu kichwani, analia, watoto wamemshika nguo.

"Mtukufu, askari wamezunguka mawe yetu na marungu. Tumekukosea nini?"

Simba akawatazama wanyama, nao wakamtazama yeye.

"Mimi sina habari hii," akasema.

"Lakini Mtukufu," Chui akaanza, "jana wewe mwenyewe ulini..."

"Nyamaza!"

Chui akavuliwa nyota mbele ya umma. Walipotaka kumchuna akawaponyoka, akakwea mti, na mpaka leo anaishi peke yake. Pimbi wakacheza ngoma. Nguchiro akabebwa juu juu, akatangazwa Mkuu wa Askari. Alicheka na wenziwe, lakini yale maneno ya Chui yalikuwa yamemwingia sikioni na hayakutoka.

Umma ulipotawanyika, Simba akaingia ofisini kwa Nguchiro, akafunga mlango.

"Mkuu, yale mawe yana ubaridi mzuri. Bado nayataka. Ila safari hii pawe na utaratibu."

"Ndiyo, Mtukufu."

Ndivyo alivyojibu, wajukuu zangu. Alikuwa na ulimi uliomwangusha Chui, lakini siku ile ulimi huo ulipata maneno mawili tu.

Akarudi nyumbani. Mkewe alikuwa amechinja kuku.

"Baba Tunu, leo tumeokoka," akasema mkewe.

"Tumeokoka."

"Na Pimbi wameokoka."

Nguchiro alinawa mikono, akala kidogo, akalitazama baragumu lililoning'inia ukutani. Yeye hakutakiwa tena kulipuliza.

"Mama Tunu," akauliza, "yule Digidigi wa ng'ambo ya mto, si kijana mtiifu?"

Mkewe akaacha kutafuna. Akaanza kuondoa vyombo.

Kesho yake Digidigi akaitwa. Alifurahi sana, maskini. Mkanda mwekundu ulimzunguka kiuno mara mbili, akakimbia nao nyumbani kumwonyesha mkewe.

Mpaka leo Digidigi akisikia jani limetikisika, ni mbio.

Hadithi yangu naitua hapa, na funzo lake ni hili: anayeukwepa mzigo wa dhuluma bila kuutua, kesho humtwika mwenzake.