Kompyuta ya Kikao

Kompyuta ya kikao haimalizi muhula. Mmeisikia leo asubuhi pale kigangoni, mama yenu alipoitumia kuwakatalia wazee waliotaka kumnunulia fundi Longina cherehani bila kumuuliza anashona nini. Mkacheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi, mkidhani ni methali ya mababu. Ina miaka tisa tu. Ilizaliwa ndani ya ukoo wetu, hapa hapa Mbinga, nami nilikuwapo. Kila nikiisimulia damu hunichemka, kwa hiyo mnivumilie.

Methali hii ilianza hivi. Editruda, binti wa ndugu yangu Otmari, alipata nafasi ya kusomea uchoraji wa majengo chuoni. Mnajua desturi yetu: mtoto akipata chuo, ukoo hukaa kikao, kila nyumba ikatoa chochote ilichopata kwenye kahawa, na mahitaji ya chuo hununuliwa kwa pamoja. Desturi hiyo imesomesha wengi, siikashifu. Ila anayechangiwa hukaa kwenye mkeka karibu na mlango, akashukuru. Hachagui kitu. Mwenyekiti wetu alikuwa kaka mkubwa, Kasiani. Mimi nilikuwa katibu kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka.

Siku ile Editruda aliomba kusema. Alikuwa na karatasi yake, amewauliza wanafunzi waliomtangulia, amejiandaa kuliko sisi sote. Akaeleza kwamba programu za kuchorea nyumba, zile zinazokuwezesha kuizungusha nyumba kwenye kioo na kuingia mpaka jikoni, ni nzito. Zinataka kompyuta yenye kumbukumbu kubwa, yenye kadi yake ya picha, na yenye feni ya kuipoza. Kisha akaongeza, kwa ukweli wake:

"Kompyuta ya namna hiyo ndiyo hiyo hiyo watu wanayochezea gemu. Na mimi nikimaliza kazi zangu nitacheza, sitawaficha."

Laiti angetuficha! Kasiani alivua miwani.

"Gemu? Sisi tukose mbolea, wewe ukacheze?"

"Baba mkubwa, nguvu ya kuchezea na nguvu ya kuchorea ni moja."

"Kaa chini."

Akakaa. Nikaandika kwenye daftari: kikao kimeazimia inunuliwe kompyuta isiyoweza kucheza gemu. Naam. Watu wazima ishirini na zaidi, wenye akili timamu, waliinua mikono kukubali jambo hilo, na mkono wangu ulikuwa juu pamoja nao.

Kasiani na mimi tukaenda Songea kununua. Editruda aliomba kufuatana nasi. Kasiani akamwambia bibi harusi haendi kupokea mahari yake, akaona amesema neno la busara. Dukani tulimkuta dada mmoja mpole, jina lake Rukia.

"Shikamooni wazee wangu. Mwanafunzi wenu anasomea nini?"

Kasiani hakumjibu. Akauliza, "Hapa ipi haichezi gemu?"

Rukia akashangaa. "Watu huniuliza inayocheza, mzee."

"Sisi tunataka isiyocheza."

Akatutolea moja nyembamba, nyepesi, inapendeza kuitazama. "Hii ni ya kuandikia barua na kusomea habari. Gemu hata ikiwa ndogo itakwama. Lakini mzee, kama huyo mwanafunzi anasomea mambo ya kuchora..."

"Itakwama kabisa?"

"Kabisa."

"Funga hiyo."

Rukia akanitazama mimi. Karatasi ya Editruda, aliyonikabidhi kikaoni, ilikuwa mfukoni mwangu, na kila neno lililokuwamo nilikuwa nalijua. Nikatazama sakafu. Kaka mkubwa akishasema mdogo haongezi, ndivyo nilivyolelewa. Malezi gani hayo, jamani, ya kumwacha mtu mzima asimame dukani kama gunia la pumba huku mtoto wa ndugu yake akiharibiwa?

Chuoni ile programu ya kuchorea ilichukua muda wa kupika maharage kufunguka, na ikifunguka kompyuta inajizima. Binti akawa anaazima za wenzake wakienda kula, anachora vipande vipande, anarudisha wakitoka kula. Muhula ulipofika mwisho kila mmoja alitakiwa kuonyesha jengo lake mbele ya walimu, akitumia kompyuta yake. Editruda alikuwa amechora zahanati. Akasimama, akabonyeza, kioo kikaganda. Walimu walisubiri, kisha wakamwita anayefuata. Alama za kazi ile hakupata hata moja, na akaambiwa arudie mwaka.

Mnadhani tulimwomba radhi? Kasiani aliitisha kikao cha kumshitaki! Eti mtoto amefeli kwa sababu ya gemu. Gemu kwenye kompyuta aliyoichagua Kasiani mwenyewe kwa sababu haiwezi gemu! Na watu wakaja, wakakaa, wakatikisa vichwa vyao kwa huzuni ya uongo.

Editruda hakulia. Aliweka kompyuta juu ya kigoda katikati ya chumba, akabonyeza ile zahanati.

"Tusubiri," akasema.

Tukasubiri. Chai ikaletwa, ikanywewa, mama yake, Winfrida, akaanza kukusanya vikombe. Kioo bado cheupe. Mara kikazima.

Kasiani akakohoa. "Sasa mbona hukusema mapema?"

Binti hakumtazama. Alinigeukia mimi.

"Baba mdogo, soma daftari."

Nikasoma. Kila kitu kilikuwamo: kumbukumbu kubwa, kadi ya picha, feni, nguvu ya kuchezea na ya kuchorea ni moja. Chini yake nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: mtoto aliambiwa akae chini.

"Uliandika vizuri," Editruda akasema. "Na dukani ulisema nini?"

Nililifunga daftari, wanangu.

Winfrida alisimama na sinia lake la vikombe. Tangu aolewe kwetu hakuwahi kufungua kinywa kwenye kikao. Kazi yake ilikuwa chai. Akamtazama Kasiani, kisha akatutazama sote mmoja mmoja.

"Kompyuta ya kikao haimalizi muhula," akasema, akatoka na vikombe vyake.

Kasiani akafunga kikao. Tulichanga upya, na safari hii Editruda alikwenda dukani peke yake. Akachagua nzito, yenye feni inayovuma, akasoma, akamaliza, na kazi zake zikiisha alicheza gemu bila kumwomba mtu ruhusa. Leo anachora majengo Iringa. Lakini ule mwaka aliourudia hakuna aliyemlipa. Na mimi hunisalimia kwa adabu, shikamoo baba mdogo, kisha hana la ziada.

Watu wakiisema methali hii hucheka, wakidhani inamsema Kasiani. Kasiani hakujua. Mimi nilijua, nikanyamaza, na kikao ni pamoja na anayejua akanyamaza. Kwa hiyo kesho wazee wakirudi na habari ya cherehani, msicheke tena. Mwiteni Longina aje mbele aseme, na anayemwambia akae chini mjibuni kwa sauti: kompyuta ya kikao haimalizi muhula.