Hundi Iliyobaki Mkononi mwa Nyamizi

Asiyefumbua mkono mwenyewe hawezi kuufumba. Nimeyasema maneno hayo hapa mezani na nimeona mlivyotazamana. Mbula, mtoto wa kaka yangu, anataka kodi ya nyumba yenu mpya iendelee kukatwa kwenye kadi yake. Mchumba wake Lugano anataka benki ya simu ijilipie bili zote yenyewe, ninyi mkae mle maisha. Ndoa bado, na bili mmeshaanza kuzigombania. Mwenye nyumba ameshachukua kodi ya miezi miwili, paa linavuja, na kila mkimpigia anasema fundi yuko njiani. Mliponiuliza shangazi anaonaje nikawajibu hivyo, nanyi mkadhani ni usemi wa wazee wasiojua simu. Mwenye kuusababisha yu hai, na simu yake ni kubwa kuliko yangu. Sogezeni viti niwaambie usemi huu ulizaliwa wapi.

Ulizaliwa Tabora, Mtaa wa Madobi, nilikopanga chumba nilipostaafu ualimu. Mwenye nyumba alikuwa mjane aitwaye Nyamizi, mtia rangi batiki. Uani kwake kulijaa mapipa ya rangi, sufuria ya nta, na kamba za kuanikia zilizopita kutoka ukuta hadi ukuta, hata kwenda chooni ilibidi uiname chini ya vitambaa. Batiki ni kazi inayokula maji. Kitambaa kikishachorwa kwa nta na kutiwa rangi, huchemshwa ili nta itoke, kisha husuuzwa na kusuuzwa tena mpaka maji yabaki meupe. Ukifanya uvivu wa kusuuza, nguo itampaka mvaaji rangi shingoni siku ya sherehe, na mteja huyo humwoni tena. Kwa kazi hiyo Nyamizi alisomesha watoto wake wote bila kumwendea mtu.

Maji yalitoka kwa kampuni ya mtu binafsi iliyochimba kisima kirefu nyuma ya mtaa na kutuvutia mabomba mpaka milangoni. Meneja wake aliitwa Bwana Pazi. Alikuwa Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo yeye na Nyamizi hawakukutana bila kuchokozana. Pazi alimwita Nyamizi mpagazi, akimuuliza mzigo wake ameuacha wapi. Nyamizi naye alimuuliza kama ngoma zimekwisha kwao Uzaramoni hata akaja kuuza maji. Wakishacheka, Nyamizi alimkabidhi hundi ya mwezi ule na kwenda zake. Chuo cha wauguzi kilichonunua batiki zake kilikuwa kinamlipa kwa hundi, benki ikamfungulia akaunti ya namna hiyo, na tangu hapo alikipenda kitabu chake cha hundi kuliko hereni zake. Aliziandika polepole, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo.

Mwaka mmoja Pazi aliitisha mkutano mbele ya nyumba ya balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kashindye, ambaye alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Nyamizi. Akatueleza kuwa mambo ya foleni na hundi yamepitwa na wakati. Kila nyumba ichague: itoe namba za kadi ya benki, au iweke idhini kwenye simu, na kampuni itakuwa inajikatia kila mwezi bila kumsumbua mtu. Mtaa mzima ukijiunga, bei itashuka kwa kila mmoja. Nyumba moja ikibaki nje, punguzo hakuna. Watu walipiga makofi. Ulikuwa ujanja mkubwa ule, maana tangu siku ile Pazi hakuwa na haja ya kutubembeleza. Tulibembelezana wenyewe kwa wenyewe.

Nyamizi alisimama akauliza, maji yasipotoka, huko kukata kutasimama? Pazi akacheka, akamwambia mtani wake asiwe na wasiwasi, kisima kile hakijawahi kukauka. Nyamizi akasema hilo silo aliloliuliza, akakaa.

Akakataa kujiunga. Majirani walianza kwa kumshawishi, wakaja kumsema, mwisho wakamnunia. Mzee Kashindye alikuja barazani akamwambia shemeji yake kwamba watu wanalalamika anawalia punguzo lao. Nyamizi alimkaribisha chai, akamwambia arudi kwa hao watu awaulize kama yeye amewahi kuchelewa kulipa hata mara moja. Kwenye msiba wa jirani wakampakulia chakula cha mwisho, ukoko mtupu, na mimi mpangaji wake nikapakuliwa pamoja naye. Hasira ya ule ukoko ninayo mpaka leo. Mwanamke amelipa bili zake miaka yote, halafu anaadhibiwa kwa kuwa amelipa kwa namna asiyoipenda meneja.

Tuliporudi nyumbani nilimwambia ajiunge tu yaishe. Ndipo akanieleza habari ya mumewe. Marehemu alichukua samani kwenye duka moja kwa kukatwa mshahara. Deni likaisha, makato yasiishe. Akaenda kulalamika, akaambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo hiyo ikamfuata mpaka kaburini.

"Kuomba pesa yako mwenyewe irudi ni kuombaomba, mwalimu," aliniambia. "Mimi siombi."

Kiangazi kilipoanza, pampu ya kisima iliungua. Tukaambiwa fundi yuko njiani. Mwezi ukaisha, na asubuhi moja simu za mtaa mzima zikalia, ujumbe wa benki: wamekatwa bili ya maji. Bombani hakuna hata tone. Waliopiga simu ofisini walijibiwa kwa adabu kabisa kwamba wawe na subira, na kwamba wanalipia huduma ya bomba. Mwezi wa pili simu zikalia tena, bomba kimya. Watu wakawa wananunua maji ya mkokoteni kwa dumu, kwa bei anayoitaka mwenye mkokoteni, huku wakilipia na yale wasiyoyaona.

Wakati huo Nyamizi alikuwa amebanwa kuliko wote. Chuo cha wauguzi kilikuwa kimemwagiza vitambaa vya mahafali na kumpa malipo ya awali, naye alikuwa amekwisha kuyamaliza kwa kununulia pamba. Vitambaa vyote vilikuwa vimechorwa nta, vimelala ndani vikingoja maji. Kuvisuuza kwa maji ya dumu kungemlia faida yote na bado yasingetosha. Mahafali yakipita bila vitambaa, chuo kingehamia kwa mtu mwingine, na yeye angebaki na deni na mapipa makavu. Nilimwona akipita uani akigusa pipa moja baada ya jingine, na nilimwogopea. Hata hivyo mwisho wa mwezi alikaa mezani kama kawaida, akaandika hundi ya mwezi mmoja, akaisaini, akaikunja na kuifunga kwenye pindo la kanga yake. Hakuipeleka.

Bwana Pazi akaja mwenyewe. Alikuja kwa miguu, jua kali, viatu vimejaa mchanga, akasimama mlangoni petu. Barabarani palikuwa na foleni ya majirani wenye madumu wakimngoja mtu wa mkokoteni, na Mzee Kashindye alikuwa mmoja wao. Safari hii Pazi hakuanza kwa utani.

"Hujaleta cheki, mtani. Miezi miwili sasa."

Nyamizi alifungua pindo la kanga, akamwonyesha ile hundi, kisha akaifumba kiganjani.

"Imeshaandikwa," alisema. "Ya mwezi mmoja, ule maji yatakaporudi. Maji yako wapi?"

"Fundi yuko njiani. Lakini ukiendelea hivi, nitakuja kukukatia bomba."

"Kata. Utakuwa umekata upepo."

Waliokuwa kwenye foleni walicheka, na Pazi akageuka akawaona. Akasogea karibu na kushusha sauti, ila mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na nilisikia kila neno.

"Mtani, pesa yenyewe ni ndogo hii. Tusiaibishane mbele za watu."

"Kama ni ndogo, mbona umeifuata mwenyewe kwenye jua hili?"

Hapo Nyamizi akampita, akatoka mpaka barabarani na ngumi yake imeinuliwa ili wote waione. Akawauliza majirani kama tangu pampu iungue huyu bwana amewahi kufika mlangoni kwa yeyote kati yao. Walikuwa wamempigia simu mpaka wakachoka, wengine walikuwa wamekwenda ofisini wakaambiwa ametoka, na hakuna aliyekuwa amemtia machoni.

"Hakuja kwenu kwa sababu kwenu ameshachukua," alisema Nyamizi. "Kwangu amekuja kwa sababu ya huu mkono. Mlininunia, mkanipakulia ukoko, na nikaula. Lakini mkono ni wangu. Nimeufumbua mwenyewe kila mwezi, ndiyo maana leo nimeweza kuufumba."

Mzee Kashindye aliweka dumu lake chini, akaitazama simu aliyoishika, akamtazama shemeji yake. Yeye ndiye aliyekuwa amezunguka nyumba kwa nyumba akituhimiza tujiunge.

"Kumbe asiyefumbua mkono mwenyewe hawezi kuufumba," alisema, taratibu, kama mtu anayejisomea hukumu yake.

Maneno hayo yalizunguka mtaani kabla Pazi hajafika ofisini kwake. Kesho yake balozi aliongoza watu benki. Walioweka idhini kwenye simu waliifuta; waliotoa namba za kadi walihangaika zaidi, kwa kuwa iliwabidi kadi zifungwe na watengenezewe nyingine, na walizilipia. Pazi alipita akitangaza kwamba lile punguzo aliloahidi limefutwa. Watu wakamwambia afute na jingine kama analo. Mwezi ulipoisha, simu za Mtaa wa Madobi hazikulia. Na yule fundi aliyekuwa njiani kiangazi chote akafika wiki ile ile, na pampu mpya juu ya gari.

Maji yalianza kutoka mekundu kwa kutu. Nyamizi aliyaacha yatiririke, ngumi yake ikiwa kiunoni, mpaka yakawa meupe. Ndipo akamtuma mtu amwite Pazi, akamfumbulia mkono. Hundi ilikuwa imekunjamana na ina doa la rangi ya bluu pembeni, lakini benki iliipokea. Pazi naye aliipokea kwa mikono miwili, akasema mpagazi kweli ni mpagazi, mzigo akiushika hauachi. Nyamizi akamwambia ndiyo kwanza ameongea la maana tangu atoke kwao.

Siku zile za mwisho kabla ya mahafali wanawake wa mtaa walikuja uani na mabeseni yao bila kuitwa, hata yule aliyempakulia ukoko, wakasuuza naye mpaka vidole vikasinyaa. Hakuna aliyeomba radhi kwa mdomo na Nyamizi hakumdai mtu radhi. Vitambaa vilikwenda chuoni vikiwa vimepigwa pasi, na mahafali yale hakuna shingo iliyopakwa rangi. Lakini zile pesa majirani walizokatwa kwa maji ambayo hayakutoka hazijarudi mpaka leo. Wanazungushwa, wiki ijayo, wiki ijayo, kama alivyozungushwa marehemu.

Sasa msije mkaenda kusema shangazi anachukia simu. Nyamizi mwenyewe siku hizi analipa kwa simu, hundi ameziacha, anasema foleni ya benki inamchosha miguu. Ila kila mwisho wa mwezi hutoka kwanza uani, akafungua bomba na kulitazama. Akiridhika ndipo hubonyeza, kwa kidole chake mwenyewe. Basi lipeni kwa kadi, kwa simu, kwa hundi, hata kwa kuku mkitaka. Mimi nauliza kitu kimoja tu, siku mkitaka kukataa, mtakataa kwa mkono upi?

Naona Lugano amekiinamia chakula kilichokwisha. Mbula, simu yako hiyo hapo. Pigia benki waifunge hiyo kadi mliyompa mwenye nyumba namba zake, kisha mwandikie kwamba kodi ya mwezi ujao mnayo, iko mkononi, aijie siku paa litakapoacha kuvuja. Mtamwona atakavyokuja mwenyewe, na fundi wake nyuma. Mimi nakaa hapa hapa mpaka umalize, kwa sababu asiyefumbua mkono mwenyewe hawezi kuufumba.