Nani Alimlaza Mwenyekiti?

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya babu zenu, ni zamani ambayo simu zilikuwepo na presha ilikuwepo, aliishi Morogoro bwana mmoja aitwaye Elirehema Mbwambo. Jina hilo alilitumia mama yake tu. Watu wengine wote walimwita Mwenyekiti. Alikuwa mwenyekiti wa wafuga kuku, mwenyekiti wa kwaya asiyejua kuimba, na mwenyekiti wa kamati za harusi, za watu anaowajua na za watu asiowajua. Palipowekwa viti viwili, yeye alikalia cha mbele.

Mkewe aliitwa Nakijwa. Alikuwa mpole wa maneno, si mpole wa macho, na macho hayo yaliona kwamba mumewe halali. Kujilaza alijilaza, lakini punde si punde simu inaita, naye anaketi kitandani: "Ndugu wajumbe!" Mkono ukaanza kumfa ganzi. Daktari akampima, akasema bila kupepesa, "Mwenyekiti, usipolala, kamati inayofuata itakuwa ya mazishi yako, na hutaiongoza wewe."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyomtisha.

Basi pakatafutwa pahali pa kupumzika. Zanzibar hapana, ana wajumbe kule. Arusha hapana, ana wajumbe zaidi. Mwenyekiti akafungua ramani ya Afrika, kidole kikaenda magharibi, kikaikuta Gambia, nchi nyembamba iliyojinyoosha kandokando ya mto wake. "Hii hapa," akasema. "Nchi ndogo, shughuli ndogo. Nani atanijua huko?" Nakijwa alifurahi hadi machozi. Tangu fungate hawakuwahi kusafiri wawili tu, na fungate yenyewe ilikuwa na mkutano ndani yake.

Wakafika. Wakapokelewa na Sainey Darboe, bwana mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vitatu pembeni ya mikoko, na jirani yake Nyima Jatta, mama anayechuma chaza kwenye mizizi ya mikoko hiyo kwa mtumbwi wake. Msiniulize walizungumza lugha gani. Katika hadithi hata fisi husemezana na mbuzi, sembuse watu.

Asubuhi ya kwanza, kabla chai haijapoa, Mwenyekiti akaunda Kamati ya Mapumziko. Mwenyekiti, yeye. Katibu, mkewe. Sainey alichaguliwa mjumbe bila kupingwa, kwa kuwa alikuwa ameenda sokoni. Ratiba ikapitishwa: kupumzika, kutazama ndege, tathmini. Walipokwenda kutazama ndege, yangeyange walikuwa wametulia juu ya mikoko kama nguo zilizoanikwa, na Nakijwa akashika mkono wa mumewe. Simu ikaita. Ilikuwa kamati ya harusi ya Morogoro. Mwenyekiti akaweka sauti kubwa ili wote wanufaike. "Suala la ukumbi!" ikapiga kelele simu. Yangeyange wote wakaruka. Mkono wa Nakijwa ukabaki peke yake.

Siku zikapita hivyo. Hakulala. Sikio la kufa halisikii dawa, akawaza Nakijwa, na akaanza kuogopa kweli kweli, woga wa mtu anayehesabu pumzi za mwenzake.

Hata asubuhi moja, barazani, Mwenyekiti akashika kifua. Kikombe kikaanguka. Akapumua kwa shida, akapepewa, akarudiwa na rangi yake. Hapo kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ndogo.

"Mama Namsifu," akamwambia mkewe, "nitakufa hivi hivi nikiwa macho. Sikilizeni nyote. Yeyote atakayenilaza usingizi, nitampa jambo moja atakaloniomba. Moja tu, na sitakataa. Naapa kwa kiti changu."

Nakijwa alisikia. Sainey, aliyekuwa akiokota vigae vya kikombe, alisikia. Nyima, aliyeleta chaza, alisikia.

Wa kwanza kujaribu alikuwa Sainey. Akaleta jiko dogo la makaa, birika dogo na vigilasi viwili. Kwao chai hiyo hupikwa mara tatu kwa majani yale yale. Ya kwanza chungu, ya pili afadhali, ya tatu tamu na yenye mnanaa, na humiminwa kutoka kigilasi hadi kigilasi mpaka itoe povu. Mgeni haondoki kabla ya ya tatu. Akiondoka, amemtukana mwenyeji.

"Napendekeza," akasema Mwenyekiti, "glasi ya kwanza, ya pili na ya tatu ziunganishwe ziwe ajenda moja. Nani anaunga mkono?"

Sainey akamimina. Hakuunga mkono, hakupinga. Akamimina.

Ya kwanza ikanywewa, Mwenyekiti akitazama saa. Ya pili ikanywewa, akitazama birika. Wakati wa kuisubiri ya tatu akawa anatazama povu tu. Mabega yake, yaliyokaa karibu na masikio tangu achaguliwe kwa wafuga kuku, yakashuka. Nakijwa aliyaona yakishuka, akaziba mdomo asije akapiga kigelegele. Mwenyekiti akapiga mwayo. Lakini hakulala.

Wa pili alikuwa Nyima. "Njooni mtumbwini," akasema, "niwaonyeshe kijito kisichofika watu." Wakaenda, wao watatu. Akapiga kasia, mikoko ikawafunga kulia na kushoto, ndege mdiria akapita na samaki mdomoni, na kelele zote za dunia zikabaki nyuma. Kumbe maji yalikuwa yakipwa. Mtumbwi ukakwaruza, ukakwama katikati ya tope.

"Sasa?" akauliza Mwenyekiti.

"Sasa tunangoja maji yarudi."

"Yatarudi lini?"

"Yakirudi."

"Nani mwenye dhamana ya maji haya? Nipe namba yake nimpigie."

Nyima akacheka mpaka mtumbwi ukatikisika. Mwenyekiti hakucheka, maana simu ilikuwa mkononi tayari, na ikaita yenyewe. Kamati ya harusi. "Ndugu wajumbe!" akaanza, na mshipa wa shingo ukamtoka, na mkono wa kushoto ukaenda kifuani pale pale uliposhika asubuhi.

Wa tatu alikuwa Nakijwa. Hakupanga. Hakupendekeza, hakutafuta wa kumuunga mkono. Aliinyakua simu kutoka sikioni mwa mumewe akaitupa. Ikatua kwenye tope, ikawa bado inasema "Mwenyekiti, unatusikia?", ikazama ikisema hivyo hivyo, na tope likafunga.



Nakijwa akangoja kelele za mumewe. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kugusa simu hiyo hata kuifuta vumbi. Mwenyekiti akalitazama tope. Akaitazama mikoko. Akafungua mdomo, akakuta hana wa kumwambia neno. Akajikunja taratibu juu ya magunia ya chaza, kichwa kwenye mapaja ya mkewe, akalala.

Alilala, jamani! Alikoroma hadi kaa wakaingia mashimoni, kisha wakazoea, wakatoka. Yangeyange mmoja akatua kwenye ncha ya mtumbwi. Nakijwa akalia kimyakimya, akimpapasa mumewe kichwani. Maji yakarudi, yakauinua mtumbwi, Nyima akapiga kasia hadi nyumbani, na Mwenyekiti hakujua. Alipofumbua macho jua lilikuwa jingine kabisa. Akamtazama mkewe, akasema, "Nakijwa." Si Katibu, si Mama Namsifu. Nakijwa.

Wakaazima simu ya Sainey kupiga Morogoro. Wajumbe wakasema, "Mwenyekiti, ulipokata tulimaliza mambo yote tukaenda kula. Mkutano haujawahi kuwa mfupi vile. Endelea kupumzika." Mwenyekiti akarudisha simu polepole.

Basi furaha ikageuka kesi. Kila mmoja akaja kudai ombi lake.

"Ni langu," akasema Sainey. "Mgeni wangu, nani aliyekushusha mabega? Mtu hatelemki mlima kwa hatua ya mwisho tu. Na ombi langu ni hili: ukifika kwenu, mtangazie kila mtu nyumba yangu. Wewe una wajumbe wengi. Msimu huu vyumba vimelala vitupu, bati linavuja, na wanangu wanataka kunikimbia waende mjini."

"Ni langu," akasema Nyima. "Chai ile huwaweka watu macho, nani asiyejua? Sisi kwenye matanga tunaipika ili tusisinzie! Aliyemlaza ni kijito, na kijitoni nilimpeleka mimi. Tena niseme kweli: niliyaona maji yakiondoka, ningeweza kugeuza, nikanyamaza. Ombi langu ni hili: usimwambie mtu yeyote, hata mmoja, kwamba ulipumzika hapa. Kijito cha ng'ambo kilisifiwa, wakaja na maboti ya injini na muziki. Mawimbi yaliwang'oa chaza wachanga kwenye mizizi. Leo kule hakuna chaza na hakuna mapumziko."

"Nyima, unataka nife njaa?" akauliza Sainey.

"Na wewe unataka nichume nini, tope?"

Nakijwa aliwapenda wote wawili, na wote wawili walikuwa wamemtendea wema. Lakini alikumbuka kikombe kikianguka barazani.

"Ni langu," akasema. "Mabega yalishuka, kijito kikanyamaza, na bado simu ilipoita alishika kifua. Mlimpeleka hadi mlangoni. Mlango niliufunga mimi. Baba Namsifu, naomba uviachie viti vyote. Vyote, hata cha kwaya. Wenzako wamekwisha kukwambia wanamaliza bila wewe. Mimi siwezi kumaliza bila wewe."

"Dada yangu," akasema Sainey kwa upole, "akiviachia viti, nani atamsikiliza akitangaza nyumba yangu?"

"Na wewe ni mkewe," akasema Nyima. "Mke huomba zawadi kwa kumtunza mumewe?"

"Basi na mwenyeji aombe zawadi kwa kumpikia mgeni chai?" akajibu Nakijwa.

Wote wakamgeukia Mwenyekiti. Alikuwa ameapa: jambo moja, kwa mtu mmoja, bila kukataa. Akamtazama Sainey na bati lake. Akamtazama Nyima na kisu chake cha chaza. Akamtazama mkewe, akatazama chini haraka. Kisha akakohoa kile kikohozi ambacho Morogoro nzima inakijua.

"Suala hili ni zito," akasema. "Napendekeza tuunde kamati ndogo."

Kamati ikaundwa, ikakaa, ikavunjika. Ikaundwa nyingine. Na Mwenyekiti, aliyelala usingizi mzuri kuliko wote wa maisha yake, hajaupata tena tangu siku ile, maana kila akifumba macho anawaona watatu wamesimama mbele yake wakidai. Anajikunja, anageuka, anaketi. Pembeni yake Nakijwa yuko macho, anahesabu pumzi.

Hatalala mpaka alipe, na hajui amlipe nani. Basi nawaachia ninyi mlioketi hapa, na tafadhali msiunde kamati: mpika chai, mwenye mtumbwi, au mwenye kutupa simu? Je, nani alistahili? Mjibu upesi, jamani. Yule mama bado anahesabu.