Wakili wa Makumbi

Hapo zamani, masultani watatu wa miji jirani walichinja ng'ombe, wakala, wakaapa: asihukumiwe maskini yeyote pasipo wakili wa kumsemea, na wakili huyo watamgharimia kwa ushirika. Wa kwanza akatoa joho, wa pili kilemba, wa tatu kiti, vyote vikatiwa ghalani kwake huyu wa tatu. Wakaagana kwa kukumbatiana, kila mmoja akidhani mtu mwenyewe atatolewa na mwenzake. Basi ikawa kila maskini anashindwa kesi, kwa kuwa amekuja bila wakili.

Palikuwa na mjane kijana, Mwanatumu, aliyeitwa punguani kwa kuwa akiogopa maneno humtoka mbiombio. Siku moja mvua ilimkuta njiani, akamlaza mwanawe kwenye baraza ya tajiri Mwinyi Kondo, akarudi mbio kuufuata mzigo wake wa kuni. Aliporejea, mtoto yumo ndani.

"Kilichowekwa barazani kwangu ni changu," akasema tajiri, naye hakuwa na mtoto.

Kesi ikafika kwa yule Sultani wa tatu, na wajumbe wa wenzake walikuwapo, wamekuja kuusherehekea mkataba.

"Binti, mlete wakili wako kabla ya adhuhuri, ama mtoto ni wa Mwinyi Kondo."

"Nitamtoa wapi, Seyidi, mimi nina kuni tu, na mtoto ananyonya, maziwa yananitoka hapa niliposimama..."

"Vitu vyake vimo ghalani. Mtafute!"

Neno hilo akalishika. Akaenda ghalani, akalijaza joho makumbi ya nazi, akalivika kilemba, akaliketisha kitini, akakikokota kiti mpaka mbele ya Sultani. Watu wakaangua kicheko.

"Nini hiki, mwendawazimu wewe?"

"Wakili, Seyidi! Joho la kule, kilemba cha huku, kiti chako mwenyewe, kama amepungua kitu semeni nani hakukitoa!"

Sultani akakohoa. Wajumbe wakatazamana.

"Sisi tumetoa," akasema mmoja upesi. "Amekamilika."

"Kamili kabisa," akadakia wa pili.

"Mbona hasemi?" akafoka Mwinyi Kondo.

"Ngoja nimwulize. Wakili, mwanangu nirudishiwe?" Kimya. Akauliza tena, na tena. Kimya. "Amekubali!"

"Kwa kunyamaza?"

"Mimi niliozwaje? Kadhi aliniuliza mara tatu, nalia, sijibu, mkasema mwari akinyamaza ameridhia, na shahidi ulikuwa wewe, Mwinyi Kondo, na pilau ukala! Kimya changu kilitosha kunitia ndoani, cha wakili wa masultani watatu hakitoshi kunirudishia mwanangu?"

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamwinamia. "Mpe mtoto wake!"

Mwanatumu akampokea mtoto mikononi mwa Mwinyi Kondo, akamtia kifuani palepale, wala hakungoja kupongezwa. Masultani nao wakaandaa karamu kubwa ya kuusifu ushirika wao, na wakili wakamketisha mbele ya wote, naye peke yake ndiye ambaye hakula.