Gari Jeusi la Alhaji Mbaruku

Mlima husifu injini, mteremko huuliza breki. Mmeyasikia maneno hayo leo mkiwa hapa mnabishana kuhusu magari ya kifahari, huyu anataja kasi, yule anataja viti vya ngozi, na mmoja wenu kanigeukia kuniuliza yametoka wapi. Mmenichosha kwa kelele, kwa hiyo nitawaambia, huenda mkanyamaza kidogo. Yalitoka kwa mtu aliyekuwa amechoka kuliko mimi.

Mtu huyo aliitwa Hoza Shemweta. Alikuwa dereva, mkazi wa Mlesha, kijiji cha juu kabisa huku kwetu milimani. Chini ya mlima uko mji wa Kwesine, wenye maduka na madalali wa magari. Baina ya Kwesine na Mlesha ipo barabara ya kona arobaini na moja, mkono mmoja mwamba, mkono wa pili korongo.

Watu wa Kwesine walikuwa na desturi yao ya kununua gari. Waliiita kupandisha. Hakuna aliyetoa hela yake kabla gari halijapandishwa mpaka Mlesha, mnunuzi na jamaa zake wakiwa ndani, muuzaji akishika usukani. Likifika bila kuchemka, watu hupiga makofi, wanakaa mgahawani kwa chai na nyama ya kuchoma, na bei inamalizwa pale pale. Desturi ilianza enzi za malori ya kabichi, wakati kilichoua lori kilikuwa ni kupanda. Radieta zilichemka njiani mpaka watu wakatafuta maji mitoni. Kushuka hakukumsumbua mtu, kwani malori yale yalishuka kwa gia nzito, taratibu, hata mtu wa miguu aliyapita. Zama zikabadilika, yakaja magari ya matajiri yanayopanda mlima kama yanakwenda sokoni, lakini desturi ikabaki vile vile. Mazoea yana taabu.

Wakishashiba, wanunuzi walirudi mjini kwa basi dogo walilokodi, wakiimba. Gari liliachwa kwa Hoza. Kesho yake asubuhi yeye ndiye aliyelishusha Kwesine, peke yake. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na miwili. Aliyajua magari kwa namna ambayo hakuna mwingine aliyeyajua, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza neno. Mwanzoni alikuwa akisema mwenyewe. Alisema hili usukani unavuta kushoto, lile breki zake zinanuka. Madalali walimwambia, "Mzee, kazi yako kushusha." Akaacha kusema. Mtu hachoki kwa kazi tu, wanangu, mtu huchoka kwa kutosikilizwa.

Basi Zaina, binti pekee wa Hoza, akachumbiwa na Twaha, mtoto wa Alhaji Mbaruku Shekalaghe, tajiri wa mbao wa Kwesine. Ndoa ikapangwa Jumamosi. Bibi harusi angechukuliwa Mlesha na kushushwa Kwesine na msafara wa upande wa mume, na Alhaji akaapa kwamba mkwewe hatashuka na gari la kukodi. Angenunua jipya, likae mbele ya msafara.

Dalali Kasimu akamletea magari mawili. La kwanza lilikuwa jeusi, refu, zito, viti vya ngozi, injini yenye nguvu za kutisha. La pili lilikuwa la kijivu, dogo kidogo, halina makeke. Kamati ya harusi ikakaa kuyalinganisha kama mnavyofanya nyinyi. Wakasema jeusi ni ghali zaidi, lakini ukija kuliuza utapata bei nzuri. Wakasema kijivu linakula mafuta kidogo, na vipuri vyake vinapatikana mjini. Kuhusu usalama Kasimu aliwaonyesha mikanda, akawahesabia mifuko ya hewa, jeusi minane na kijivu sita, na kamati ikaridhika kuwa minane inashinda sita. Kisha Jumanne yote mawili yakapandishwa. Jeusi lilifika Mlesha kijivu likiwa bado kona ya thelathini. Makofi yalisikika bondeni. Alhaji akatoa malipo ya awali palepale mgahawani.

Jumatano Hoza akayashusha, moja baada ya jingine. La kijivu lilishuka kwa adabu. Lile jeusi lilimtoa jasho. Aliliendesha polepole kama desturi yake, na hata hivyo kufika kona ya ishirini na tano breki zilishaanza kunuka, na pedali ikawa laini chini ya mguu wake. Uzito ule wote ulikuwa umefungiwa breki za bei poa. Akawaza msafara wa harusi, honi, vijana wanaofukuzana, na mwanawe amekaa nyuma na shela lake. Alisimamisha gari pembeni akakaa humo muda mrefu. Alihisi uchovu umemkaa mpaka kwenye mifupa, kwa sababu alijua itambidi aseme tena.

Alimwambia Kasimu. Kasimu akacheka. "Mzee Hoza, gari la bei ile na wewe unalitafutia ubaya? Kazi yako kushusha."

Kwenda kwa Alhaji ilikuwa vigumu zaidi. Kwetu baba wa bibi harusi haingilii namna mwanawe anavyochukuliwa. Anayekuja kuchukua ndiye anayechagua chombo, na baba hubaki nyumbani kwake. Kumkosoa mkwe wako siku tatu kabla ya ndoa ni aibu, na harusi zimewahi kuvunjika kwa madogo kuliko hayo. Hoza alijua. Alikwenda.

"Mkwe," alisema baada ya salamu, "naomba Zaina ashuke na lile la kijivu."

Alhaji aliweka kikombe chini. "Watu waseme Mbaruku bahili? Au limekukera kwamba nimetoa kikubwa kuliko ulichotarajia?"

"Halijanikera. Breki zake hazifiki chini."

"Gari limepanda mlima ule bila hata kuhema! Kamati nzima imeona kwa macho yake. Wewe umeona nini ambacho watu kumi na mbili hawakuona?"

Hoza alitaka kuondoka. Alikuwa amesikia maneno ya namna hiyo mara nyingi mno, na angekuwa anazungumzia gari la mtu mwingine angeaga akaenda kulala. Lakini hapa alikuwa na mtoto mmoja tu.

"Mkwe, sikuombi uniamini," alisema. "Kuaminiwa nimeshakata tamaa. Nakuomba kitu kimoja. Kesho nitalipandisha, halafu tushuke wote wawili. Nitaliendesha kama vijana wako watakavyoliendesha Jumamosi. Tukifika salama, nitafunga mdomo wangu mpaka naingia kaburini."

Alhaji alimtazama. Hebu fikirini, mzee yule alikuwa amenunua magari tisa maishani mwake, na yote aliyapandisha. Hakuna hata moja alilowahi kushuka nalo. Akakubali, nadhani kwa hasira.

Alhamisi asubuhi waliondoka Mlesha. Hoza alifunga mkanda, akamwomba Alhaji afunge wake, akaliachia gari. Kona za mwanzo Alhaji alikuwa akitabasamu, akipapasa ngozi ya kiti. Kona ya kumi na moja akauliza, "Nini kinaungua?" Kona ya kumi na saba harufu ilikuwa imejaa ndani ya gari. Kona ya ishirini Hoza akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tazama mguu wangu, mkwe." Alhaji akatazama. Mguu ulikuwa unakandamiza pedali mpaka sakafuni, na gari lilikuwa bado linakimbia.

"Simamisha! Hoza, simamisha!"

"Ndicho ninachofanya hapa, nasimamisha. Halitaki."

Alhaji alianza kutoa shahada. Hoza alivuta gia chini, injini ikanguruma, akapandisha breki ya mkono kidogo kidogo, akakata kona ya ishirini na moja huku ubavu wa gari ukikwaruza mwamba. Baada ya kona ile kuna njia ya zamani ya machimbo ya kokoto, inayopanda kuingia mlimani. Hoza alikuwa ameihesabia tangu Mlesha. Akaligeuza gari humo, likapanda, likachoka, likasimama lenyewe katikati ya vumbi.

Moshi ulikuwa ukitoka kwenye magurudumu. Alhaji alifungua mkanda wake.

"Kwa nini hamkutuambia?" alisema mwisho.

"Kina nani, mkwe? Anayeshuka ni mimi peke yangu, na nilikuambia jana. Nilimwambia na Kasimu. Miaka ishirini na miwili nayashusha magari yenu. Mnakaa pale juu mnauliza bei, mnauliza mbio, mnahesabu mifuko ya hewa. Nani kati yenu aliwahi kuuliza linashukaje?"

"Lakini lilipanda vizuri," Alhaji alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba msamaha.

"Lilipanda vizuri. Mlima husifu injini, mkwe wangu. Mteremko huuliza breki."

Mtadhani Hoza alifurahi kushinda. Hakufurahi. Aliegemeza kichwa kwenye usukani akalia, kwa sababu ilibidi aweke roho ya mkwe wake rehani ili maneno yake yapate uzito, na kama angekuwa mtu wa kuogopa aibu, siku ya Jumamosi angekuwa amekaa nyumbani akingoja habari ya mwanawe.

Jioni ile Alhaji aliagiza gari jeusi lisiuzwe kwa mtu yeyote mpaka breki zibadilishwe zote, na Kasimu alibadilisha kwa gharama yake, uso umekunjamana. Kisha Alhaji akahamishia malipo yake kwenye gari la kijivu, akatuma ujumbe Mlesha pamoja na ufunguo wake. Ujumbe ulisema hivi: "Najua desturi. Baba hubaki nyumbani. Lakini sina dereva mwingine ninayemwamini kwenye mteremko ule, na mtoto sasa ni wetu wote wawili."

Wazee wa Mlesha walinung'unika. Hoza akavaa kanzu yake, akamfungulia binti yake mlango. Jumamosi msafara ulishuka polepole mno hata vijana wa nyuma wakapiga honi kwa hasira, na watu pembeni ya barabara wakaulizana Alhaji kapatwa na nini mpaka kaleta kigari kama kile. Hoza hakuongeza mwendo hata kidogo. Kona zote arobaini na moja alizikata kwa gia ya chini, na walipofika tambarare ya Kwesine, Zaina aliinama mbele akamgusa baba yake begani.

"Baba, umechoka?"

"Nimechoka tangu zamani, mwanangu," alisema. "Ila leo ndiyo kwanza mtu ananiuliza."

Haya, endeleeni kulinganisha magari yenu. Sikatazi. Linganisheni na wachumba, na viongozi, na marafiki, maana watu wa Kwesine siku hizi huyatumia maneno haya kwa hayo yote. Ila mkimaliza kupiga makofi pale juu, mtafuteni anayeshuka nalo, mkamsikilize yeye. Mlima husifu injini, mteremko huuliza breki.